Neno Ambalo Sikunong'onezwa

Mtu asikudanganye kwamba Kiswahili cha barabarani Homa Bay kinafundishwa shuleni. Mimi nilifika pale kutoka Kehancha na Kiswahili changu cha darasani, safi kama sahani ya wageni, nikakuta hakinisaidii kitu. Nilikuwa nauza mitumba ya watoto kando ya barabara, nimetandika turubai chini. Siku ya kwanza mtu akasema "Kumenuka!", nami nikaanza kunusa. Kweli kabisa, nilinusa. Kufumba na kufumbua, wenzangu wote walikuwa wamehepa na bidhaa zao, nami nimebaki nikitazamana na kanjo wawili, askari wa kaunti wanaowafukuza wachuuzi. Walibeba kila kitu hadi soksi.

Aliyeniokoa baada ya hapo ni jirani yangu, mama mmoja Mjaluo aliyekuwa akikaanga samaki kando yangu, Msabato ambaye Jumamosi humpati barabarani hata umbebe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, halafu akaanza kunifundisha. Kuhepa ni kutoroka kabla hujaonekana. Mnoko ni yule anayepeleka maneno kwa wakubwa, na kuliko kuitwa hivyo afadhali uitwe mwizi. Na neno la kutuonya kanjo wakija, akasema, halikai. Wakishalizoea linatupwa, linatafutwa lingine. Tulitoka "kumenuka" tukaenda "mvua", jua likiwaka la kupasua kichwa, kisha tukaenda "shemeji". Huambiwi kwenye mkutano. Mtu anakuinamia tu asubuhi ukipanga nguo, anakunong'oneza, nawe unajua umeshakuwa mtu wa pale. Nilipenda sana kunong'onezwa.

Kipande kile cha barabara ndicho kilichonilisha mimi na wanangu tangu baba yao alipotuacha. Sikuwa na kingine.

Halafu Jumanne moja akapita kanjo mgeni, mtu mzima wa rika la baba yangu, taratibu bila vurugu. Akanitazama usoni, akanisalimu kwa Kikuria, lugha ya nyumbani kwetu. Pale barabarani mtu wa serikali unamjibu kwa Kiswahili, basi, kila mtu asikie. Lakini kwetu mzee akikuamkia, humjibu kwa lugha ya kuazima. Nikainuka, nikamwamkia kwa Kikuria. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia, tukacheka kidogo, akaenda zake. Nilipoketi tena, wenzangu wote walikuwa wamenipa mgongo, kila mmoja akijifanya kupanga bidhaa zake.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hakuna aliyeniuliza.

Wiki hiyohiyo nikasikia neno jipya. Nilikuwa narudi na kikombe changu cha chai, nikamsikia muuza ndizi akisema, bila kugeuza kichwa, "Jumanne." Ilikuwa Ijumaa. Nikadhani ndilo neno jipya la kanjo na mtu amesahau kuninong'oneza. Nikakunja turubai mbio, nikajitwika, nikakimbilia uchochoro wa nyuma ya kinyozi. Nikangoja. Kanjo hawakuja. Nilipochungulia, wenzangu walikuwa wameketi vilevile, wananitazama. Nilirudi nikapanga nguo upya huku masikio yakiniwaka moto.

Tangu hapo nililisikia kila siku. Nikifika asubuhi, Jumanne. Nikitoka chooni, Jumanne imerudi. Mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kusifia vitunguu. Na kanjo halisi walipokuja, wenzangu walitoweka kwa neno jingine ambalo sikulijua, nikabaki peke yangu. Yule mzee wa Kikuria akaniambia kwa upole nikunje niende nyumbani. Hakugusa hata soksi. Nami nilijua kila aliyejificha alikuwa akichungulia.

Mwaka uliotangulia kulikuwa na mtu wa kuchaji simu aliyeitwa mnoko. Hakupigwa wala kutukanwa. Asubuhi moja tu alikuta kibanda chake ni majivu, na majirani wakasema hawakuona hata moshi. Nilimkumbuka kila nilipofunga mlango wangu, watoto wakiwa ndani.

Mimi sina subira ya kuzungushwa. Nikaenda nikasimama mbele ya karai la jirani yangu, nikamwambia siondoki hapo mpaka aniambie Jumanne ni nini. Aligeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

"Jumanne ni wewe, nyamera," akasema. "Siku ile uliongea na wao, na sisi hatukusikia mlisema nini."

Dada yangu, aliniita, na bado hakunitazama. Nikamweleza kwamba ilikuwa salamu tu. Akasema yeye anajua, lakini wale wengine hawajui, na akizidi kuonekana na mimi watamtafutia na yeye siku yake. Halafu akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, akaniambia kwa sauti ya chini nihame upesi. Nililia kwa hasira, sitaficha. Samaki niliwapelekea watoto.

Nikahamia Sori, kule ziwani Nyatike, ambako hakuna aliyenijua. Nikatandika turubai karibu na akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, nikamsalimia kila mtu kwa Kiswahili, nikaapa Kikuria changu kitabaki ndani ya nyumba. Walinipokea vizuri. Upepo ulipopeperusha turubai, mmoja wao alinisogezea jiwe lake nilikandamize. Mwingine akauliza bei ya sweta ya mtoto, tukataniana. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilishusha pumzi. Nikaanza hata kutega sikio kuokota misemo yao.

Siku ya tatu, mchana, gari la Homa Bay likashusha abiria. Akateremka mama mmoja mnunuzi wa omena, na ndoo zake tupu. Sura yake sikuijua. Alipita mbele ya nguo zangu, akanitazama, akaenda kuinama sikioni mwa yule aliyenipa jiwe. Yule akamnong'oneza wa pili. Wa pili akamwambia binti yake, msichana ambaye bado hajajua kushusha sauti, nami nikamsikia vizuri.

"Jumanne ni yule?" akauliza.

Sikuinua kichwa. Niliendelea kukunja sweta ileile, nikaikunjua, nikaikunja tena. Yule mama akaja mpaka kwenye turubai langu, akainama, akachukua jiwe lake.