Mfereji wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mkarimu, ila kichwa chake kilikuwa kigumu. Mwaka niliozaa mtoto wa kwanza, chai ilipokuwa ikianza kuenea kwetu Sironga, alinimegea kipande cha shamba. Mume wangu alifanya kazi Kericho, kwa hiyo kitalu cha miche ya chai kilikuwa changu na jembe langu. Sharti lilikuwa moja, nalo nililetewa na mama mkwe: miche ikikauka kabla ya masika, Mzee atapanda pale miche yake ya mikalitusi.

Nililetewa kwa sababu mimi na Mzee hatukuzungumza ana kwa ana. Hatukuwa na ugomvi wowote. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake, na mkaza mwana hukaa mbali na baba mkwe. Maneno yetu yalipitia kwa mama mkwe, ambaye aliipenda sana kazi hiyo na alitia chumvi bila kuombwa.

Ili nisiteseke na mtungi kiangazi kile, Mzee alichimba mfereji kutoka chemchemi ya juu hadi kitaluni. Aliuringia kama dume jipya. Siku alipoufungua, maji yaliingia kwa kishindo, yakafika kwenye migomba, yakapotea. Mimi kule chini nilipata tope la kulowesha kisigino.

"Anasema yanakuja," mama mkwe akaniambia. "Hayajazoea njia."

Wiki ikapita hayajazoea. Miche ikaanza kukunja majani, nami nikawa na hasira mpaka nikaunguza ugali. Nyasi zilikuwa zimekauka kila mahali isipokuwa chini ya mfereji, ambako ng'ombe wa jirani walishiba. Udongo ule ulikuwa umejaa mashimo ya fuko, ukiyanywa maji yote njiani.

"Mama, mwambie Mzee mfereji wake unanenepesha ng'ombe wa watu. Lazima usiribwe kama sakafu."

Jibu likarudi kwamba mfereji si nyumba. Lakini asubuhi nilikuta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni umerundikwa kando ya migomba, pamoja na samadi mbichi. Mzee alikuwa amekubali bila kukubali.

Kulikuwa na shida nyingine. Kusiriba ni kuinama, na mkaza mwana hainami mbele ya baba mkwe. Basi Mzee akakaa juu chemchemini, amegeuza mgongo, awe akifungulia maji kidogo ili nione yanapovujia. Mama mkwe akaweka kigoda katikati.

"Mwambie afungulie."

"Anasema ufungulie."

"Nimesikia. Mwambie asionee samadi huruma."

Tulisikiana vizuri kabisa, na bado kila neno lilisemwa mara mbili. Nilikuwa nikicheka peke yangu, mikono imejaa samadi. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi namna ile.

Siku ya mwisho nilikuwa nikiziba shimo karibu na kitalu.

"Mama, mwambie fuko amezibua tena hapa."

"Mwambie ashindilie jiwe," Mzee akajibu.

Nikashindilia. Ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyerudia maneno yetu. Niliinua kichwa. Kigoda kilikuwa kitupu; mama mkwe alikuwa amekwenda kumtazama mtoto aliyekuwa akilia nyumbani. Nikaona aibu, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha Mzee akakohoa. "Mama," akakiambia kigoda, bado amenipa mgongo, "mwambie nafungulia yote."

Maji yakashuka. Yakapita migomba, yakapita lile jiwe, yakaingia kitaluni yakiwa mengi na mekundu, yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Nililia kwa furaha, sikujali nani ananisikia.

"Mama," nikakiambia kigoda, "mwambie yamefika."

Mzee naye akakijibu kigoda:

"Mwambie ile miche ya mikalitusi nitampa jirani."