Kiingereza cha Kumwambia Daktari

Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi Buffalo, Amerika, na kanisa letu halikuwa na jengo lake. Wengi wetu walikuwa Wakongo kutoka milima ya Kivu Kusini, pamoja na Wakenya wachache kama mimi. Tulipewa nafasi katika kanisa la Wakorea kule West Side. Wao walisali asubuhi, sisi alasiri. Tulipishana mlangoni tukiinamishiana vichwa, na ndani tulipokewa na harufu ya kitunguu saumu cha chakula chao.

Jumapili moja mchungaji wao alibaki hadi ibada yetu, akaomba watu wa kujitolea kuwafundisha wazee wao Kiingereza kila Jumamosi. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Nakuru, na nilikionea fahari Kiingereza changu. Nikamvuta na jirani yangu, mama wa Kikongo aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee.

"Dada, Kingereza yangu iko ya kuvunjika," alininong'oneza. "Donc, nitafundisha watu nini?"

"Utanisaidia kugawa karatasi tu."

Maneno hayo yananiaibisha hadi leo.

Jumamosi ya kwanza walikuja wazee tisa, wakavua viatu na kuvipanga mlangoni. Nilijaza ubao: wakati uliopo, uliopita, ujao. Walinakili kila kitu kwa mwandiko safi, wakaniita "sonsengnim", yaani mwalimu, lakini hakuna aliyefungua mdomo kusema Kiingereza. Niligawa nusu ya karatasi kwa mkono mmoja, haraka haraka. Nusu nyingine aligawa jirani yangu, mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto ukishika kiwiko, goti likikunjwa kidogo, kama alivyolelewa kwao.

Bibi mmoja mwenye sweta ya zambarau alipiga makofi. Akaipokea karatasi kwa namna ile ile, mkono mmoja ukiushika mwingine, akaonyesha kiwiko chake, kisha cha jirani yangu, akawaambia wenzake jambo lililowachekesha wote. Na mimi nyanya yangu alinifunza hivyo hivyo. Sijui niliiacha wapi adabu ile.

Jumamosi ya tatu nilichelewa kwa sababu ya mtihani. Nilipofika niliwakuta wazee wote wamesimama, wameshika viuno na magoti, wanapaza sauti kwa Kiingereza: "Inauma hapa! Inauma hapa!" Jirani yangu alikuwa mbele yao akichechemea kama mgonjwa. Alikuwa amewafundisha maneno aliyoyahitaji yeye mwenyewe alipofika Amerika. Nilikaa nyuma, na kuanzia siku hiyo mgawa karatasi nikawa mimi.

Baada ya darasa hilo yule bibi alibaki. Alisubiri mpaka wenzake waondoke, kisha akasema polepole, "Daktari. Mimi. Peke yangu."

Nilitaka kumwita mke wa mchungaji wao atutafsirie, lakini bibi alinikamata kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Akauchukua mkono wa jirani yangu, akauweka juu ya sweta, kando ya titi la kushoto.

Jirani yangu alipapasa taratibu. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Iko kitu. Kiko kigumu, kama jiwe kadogo."

Tulielewa mengine kidogo kidogo. Mwanawe na mkwewe walishinda kwenye duka lao la kufua nguo. Aliyemsindikiza kwa daktari na kumtafsiria ni mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na mmoja. Bibi hakutaka habari kama ile ipite kinywani mwa mtoto. Hospitali ilikuwa na mkalimani wa simu, lakini sauti aliyopewa mara ya kwanza ilikuwa ya mwanamume, naye aliona haya akasema ni mafua tu.

Nilipiga simu nikaomba daktari mwanamke. Tukapata nafasi baada ya siku kumi.

Karibu kila siku katika siku hizo kumi tulikwenda kwake kufanya mazoezi. Tuliketi sakafuni kwenye meza fupi, tukinywa chai ya shayiri. Kwanza alituuliza umri. Kwake chakula kilianzwa na mkubwa, basi yeye, kisha jirani yangu, na mimi mwenye shahada mbili nikawa mtoto wa meza. Alimenya mapeasi, akatulisha kwa uma mdomoni. Jirani yangu alijifanya daktari, akikunja uso.

"Bon. Una shida gani, mama?"

"Kuna uvimbe. Hapa. Hauumi. Naogopa."

Hilo neno la mwisho hatukumfundisha. Alimwomba mjukuu wake bila kumwambia sababu.

Siku yenyewe tulipanda basi watatu, yeye kavaa koti lake la kanisani. Alipoitwa tuliinuka pamoja naye, akatuonyesha viti kwa kidole, tukae. Tulikaa. Jirani yangu aliomba kwa sauti ya chini muda wote, nami nilisoma bango moja la ukutani labda mara ishirini.

Alitoka mgongo umenyooka.

"Alielewa," akasema. "Aliuliza, tangu lini? Nikasema, tangu Pasaka."

Swali hilo hatukulifanyia mazoezi. Jirani yangu alimkumbatia pale pale mbele ya wagonjwa, akilia.

Vipimo vilionyesha ni saratani, lakini ndogo bado. Jioni ya kupata majibu bibi alimwambia mwanawe mwenyewe, kwa Kikorea, na kabla ya mwezi kwisha alifanyiwa upasuaji. Jumapili iliyofuata mwanawe alitusubiri mlangoni. Alimwinamia jirani yangu hadi kiunoni, naye kwa kushtuka akainama pia, vichwa vikanusurika kugongana.

Mwishoni mwa Novemba wanawake wa Kikorea walikusanyika kanisani kutengeneza kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, ya msimu wa baridi. Bibi alikuwa bado hawezi kuinua mkono vizuri, hivyo aliwekewa kiti katikati akatuamrisha kutoka hapo. Tulivaa glavu ndefu tukapaka pilipili na kitunguu saumu kila jani la kabichi, beseni baada ya beseni. Jirani yangu alionja, macho yakamtoka.

"Dada, hii inaomba ugali!"

Alibeba mtungi mzima nyumbani, akala na ugali wake kwa raha. Watoto wake walimjibu kwa Kiingereza kwamba wao wanataka pitsa.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Columbus nikahama. Jirani yangu alibaki na darasa lote, na kwa jinsi lilivyokua sikudhani walinikosa sana. Bibi alimaliza matibabu, nywele zake zikabaki zote. Alizoea kunipigia simu Jumapili jioni, akianza kila mara kwa kuuliza kama nimekula. Nilipokiri kwamba nimekula mkate na chai tu, alinigombeza dakika nzima, kwa Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja kati yetu aliyemfundisha.