Simu Niliyomnyima Mume Wangu

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo sikutarajia kufundishwa na Wagiriki wa kale nikisukuma chapati hapa Northfield, Uingereza. Mjukuu wangu alikuwa mezani akijiandaa kwa mtihani. Nikamwambia kama hashiki unga, basi asome kwa sauti, na iwe kwa Kiswahili.

"Shosho, hii haina Kiswahili."

"Kila kitu kina Kiswahili. Wewe ndiye huna."

Akacheka, akajaribu. Akasema mji mzima wa Wagiriki hao ulikuwa ukikaa kwenye ngazi za mawe, juani, kutazama mchezo wa mtu anayeanguka.

"Ni mwizi?"

"Hapana, shosho. Mtu mbaya akianguka hakuna anayemlilia. Na asiye na kosa lolote akianguka, watu wanakasirika tu. Awe wa katikati, mtu wa heshima, anayekosea akidhani anafanya vizuri. Halafu anakuja kujua."

"Anajua lini?"

"Akiwa amechelewa."

Mikono yangu ikasimama juu ya unga.

Mume wangu alipolazwa, kule Kenya, binti yetu, mama wa mtoto huyu, alikuwa hapa Birmingham akifanya mitihani ya uuguzi. Kwetu aliye mbali haambiwi habari mbaya akiwa peke yake. Nikamwambia baba ana homa kidogo. Mzee akaniomba simu aongee naye. Nikamwambia angoje Ijumaa, binti amalize mitihani. Akaniomba tena. Akafariki Alhamisi. Binti alikuja tukazika, na kuhusu kufichwa ugonjwa hakunilaumu, naye ni wa kwetu. Lakini habari ya simu sikumwambia. Nina miaka tisa ndani ya nyumba yake.

Siku zote nilijiambia ni ukali wangu uliolea watoto sita bila hata mmoja kupotea. Ni kweli. Na ni ukali huohuo uliomnyima mzee sauti ya mwanawe. Watu waliokufa kabla Yesu hajazaliwa walikuwa wamelijua hilo, wakalijengea ngazi za mawe, wakaketi wakamlilia mtu kama mimi. Nilijiona kama niko kanisa la ugenini na mhubiri ametaja dhambi yangu bila kunijua.

"Sasa huyo mtu akishajua hufanya nini?" nikauliza.

"Wengine wanakufa. Wengine wanatoka nje mbele ya watu wote wanasema, ni mimi."

Binti alirudi jioni, bado na sare ya kazi, akaomba chai. Nikamtuma mtoto juu na vitabu vyake.

"Mama, kuna nini?"

"Kaa kwanza. Baba yako aliniomba simu aongee na wewe, kabla hajafa."

Akakisogeza kikombe kando.

"Mara ngapi?"

"Mbili," nikamwambia. "Na zote mbili ni mimi niliyekataa."