Miaka Sita ya Maji ya Mzee Kingi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Mapenzi Kaingu anavua viatu na kushuka ngazi za mawe za Bandari ya Zamani, hapa Mombasa. Anasimama kwenye ngazi ya nne kutoka chini. Ya tatu ina mwani, na mwaka juzi ilimwangusha mbele za watu.

Mbele yake kuna nguzo iliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, yenye alama za mita na sentimita. Anangoja mawimbi matatu yapite, anainama, kisha anaandika kwenye fomu: 6:10, mita mbili nukta nne.

"Usisome wimbi," ananiambia akikunja suruali. "Wimbi ni muongo. Acha matatu yapite, ndipo usome maji."

Maneno hayo si yake, na halifichi hilo. Alifundishwa na Mzee Kingi Chonga, aliyeisoma nguzo hii tangu 1986 hadi mwisho wa 1991. Makala haya ni ya Mapenzi, lakini ukimhoji Mapenzi kwa dakika tano utakuwa umeshasikia habari za Mzee Kingi.

Mapenzi ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Ni msaidizi katika kituo kidogo cha kupima bahari. Mshahara wake ni shilingi elfu saba na mia mbili kwa mwezi, na kodi ya chumba cha Majengo humlia elfu moja na mia tano. Husoma nguzo mara nne kwa siku, kisha hurudi ofisini kuzichapa nambari kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo ililetwa mwaka jana, 1998. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuingiza madaftari ya Mzee Kingi, yaliyokuwa yamekaa stoo yamefungwa kwa karatasi za nailoni. Miaka sita, kila siku mara nne. Zaidi ya nambari elfu nane na mia saba.

"Nilichapa miezi mitano," anasema. "Mzee hakuruka hata Krismasi. Hata siku aliyozikwa mamake ameandika."

Januari mwaka huu mambo yakaharibika. Mtaalamu mgeni alizilinganisha nambari hizo na kalenda ya maji kujaa na kupwa, ile inayochapwa kila mwaka kwa ajili ya meli. Nambari za Mapenzi zilikwenda sawa na kalenda. Za Mzee Kingi zilikwenda kinyume. Kalenda ikisema maji yamejaa, Mzee Kingi anasema yamekupwa.

Mgeni akahitimisha kwamba mzee alikuwa akikaa nyumbani na kubuni. Mkuu wa kituo, Daktari Nanjala, akamwita Mzee Kingi, ambaye sasa ana miaka sabini na moja, akamuuliza waziwazi.

"Niliulizwa kama nilikuwa naiba mshahara," Mzee Kingi aliniambia nyumbani kwake Kibokoni. "Nikasimama, nikachukua kofia yangu. Mtu mzima haulizwi jambo hilo mara mbili."

Tangu siku hiyo hakukanyaga kituoni, wala hakupita njia ya bandarini. Kwenda sokoni alizunguka njia ya mbali.

Mapenzi anasema alilia chooni, ofisini, kama mtoto. "Mimi ndiye niliyezitoa nambari zake stoo. Ningeziacha huko, mzee angezeeka na heshima yake."

Alimwendea Daktari Nanjala kumwombea. Akajibiwa kwamba ripoti ya vipimo vya kituo inaondoka mwisho wa Machi. Asipoleta maelezo kabla ya hapo, miaka sita ya Mzee Kingi itaachwa nje, na madaftari yatatupwa, maana stoo inahitajika.

Hapo ndipo alipomkumbuka Griffins Omolo. Griffins, kijana wa miaka ishirini na minane, hutengeneza kompyuta za ofisi moja ya bandarini Kilindini. Jumamosi hukaa katika duka dogo la Ndia Kuu, katikati ya wauza vinyago, akiwafundisha watu kuchapa. Aliwahi kumwambia Mapenzi kwamba ana lugha ya kompyuta inayoitwa Python, haina bei, na inaweza kuzichora nambari zikawa picha.

"Python si ni chatu?" Mapenzi akauliza.

"Ndiyo, lakini huyu haumi."

"Basi mfungue. Nina wiki saba."

Majirani wa duka walipata la kusema. Mwuza vinyago mmoja akawa akimwona tu anapiga kelele: "Mama Chatu amefika, funikeni kuku!"

Chatu huyo hakuwa mpole. Lugha hii, Griffins anaeleza, hukasirika kwa jambo dogo. Ukisogeza mwanzo wa mstari kidogo kulia mahali pasipotakiwa, inakataa kazi nzima. Jumamosi mbili za kwanza Mapenzi hakupata picha yoyote, alipata lawama tu kwenye kioo cha kompyuta. Mwandishi huyu, ambaye hesabu zilimshinda darasa la saba, angekwenda zake nyumbani.

Jumamosi ya tatu picha ikatoka. Ilikuwa nyeusi tititi, kama sufuria iliyoungua. Nambari elfu nane zilikuwa zimebanana mahali pamoja.

Griffins naye akafika mwisho wa ujuzi wake. Wakaandika barua kwa njia ya kompyuta kwa kundi la watu wanaoitumia lugha hiyo, watu wa nchi mbalimbali wasiowajua kwa sura. Kuipeleka kulimgharimu Mapenzi shilingi mia moja. Walieleza yote: nguzo, mzee, kalenda, na picha nyeusi.

Siku nne baadaye likaja jibu la mtu mmoja wa nchi za baridi. Aliwatumia mistari sita ya kuchora, na shauri moja: wasichore miaka sita. Wachore siku moja tu, na kalenda ya siku hiyohiyo, waziangalie hadi wachoke.

Mapenzi akachagua siku ya mwezi mpevu, Oktoba 1988. Siku kama hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na kosa haliwezi kujificha. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo. Wa kalenda ukipanda, wa Mzee Kingi unashuka.

"Ndiyo hiyo," Griffins akasema. "Mzee anasema maji yamejaa saa kumi. Kalenda inasema saa kumi yamekupwa."

Mapenzi akamtazama. "Kalenda gani hiyo ya ajabu? Bamvua maji hujaa saa kumi jioni. Kila mtoto wa pwani anajua. Mzee yuko sawa!"

"Dada Mapenzi, kumi ya hapa ni saa nne asubuhi. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku."

Mapenzi akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza ya mzee, iliyokaa juu ya moja.

"Na hii moja ni saa ngapi?"

"Saa saba usiku."

"Saa saba usiku!" Mapenzi akasimama. "Mzee Kingi saa saba usiku yuko ngazini? Mzee yule akishakula ugali wake saa mbili, humuamshi hata kwa ngoma! Griffins, ni saa moja! Saa moja ya asubuhi!"

Griffins akashika kichwa. Mwuza vinyago akaja mbio akidhani chatu ameuma.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Kingi aliandika saa kama alivyozisema maisha yake yote. Asubuhi alisoma saa moja, akaandika 1. Halafu 4, halafu 7, halafu saa kumi jioni akaandika 10. Kompyuta ikazipokea kwa hesabu yake, saa sita nyuma. Na kwa saa sita bahari iliyojaa huwa imekupwa. Kila nambari ya kweli ikageuka kuwa uongo.

Mapenzi mwenyewe amezoea fomu za ofisi, zilizoanza alipoanza yeye. Asubuhi ya leo alisema saa kumi na mbili na dakika kumi, mkono ukaandika 6:10, na hakuona ajabu. Lakini madaftari ya mzee aliyachapa kama yalivyo.

"Nilikuwa naona moja, kichwani ni saa moja asubuhi," anasema. "Nilikuwa namwelewa mzee kabisa. Ndiyo maana sikuona kosa."

Dawa ilikuwa mstari mmoja: ongeza sita kwenye saa za Mzee Kingi. Griffins akamwachia Mapenzi auchape mwenyewe. Mistari miwili ikalaliana, usijue upi ni wa mzee na upi wa kalenda. Wakajaribu siku nyingine, na mwezi mzima, na mwaka mzima.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Griffins akasema, akawasha mashine ya kuchapia.

Daktari Nanjala alifungua madaftari mwenyewe, akahakiki siku ishirini kwa mkono. Hakujitetea. "Mimi natoka Bungoma. Nikinunua sukuma wiki nasema saa moja kama watu wote," aliniambia. "Nilipokaa mezani nilisahau kwamba mzee naye ni mtu wa saa moja. Nilimdhulumu."

Yeye na Mapenzi walikwenda Kibokoni kwa miguu, na karatasi mkononi. Walimwamkia, wakaitikiwa, na daktari akaomba radhi mbele ya binti wa mzee. Mzee Kingi akaishika karatasi karibu na macho.

"Mstari wangu ni upi?"

"Wako umelala juu ya ule wa kalenda, baba," Mapenzi akamwambia. "Hautengani nao."

Mzee akakaa nayo. "Basi nilikuwa nasoma maji," akasema.

Ripoti iliondoka tarehe thelathini Machi, na miaka sita imo. Madaftari yamewekwa kwenye kabati la chuma, ufunguo anao Mapenzi.

Sasa Mapenzi ana mpango. Anataka kuchora picha ya maji ya kila wiki na kuibandika kwenye ubao juu ya ngazi hizi, wavuvi na wapakuzi waitazame bure. Saa zitaandikwa kwa Kiswahili, ya kwanza ikiwa moja. Daktari ameahidi karatasi. Mbao atanunua mwenyewe, kidogo kidogo.

Ilipofika zamu ya pili ya leo, mzee mwenye kofia alikuwa ameketi juu ya ngazi. Sasa huja karibu kila siku.

"Matatu, mwanangu! Acha matatu yapite!"

"Nimeyaacha, baba." Mapenzi akainama, akasoma, akaandika.

"Ni saa nne hiyo. Umeandika ngapi?"

"Kumi, baba."

Mzee Kingi akatikisa kichwa. "Haya," akasema. "Tuwasamehe tu hao wa ofisini."