Aibu ya Fizi Zangu

Mwaka ule mke wangu alianza kulala ameelekea ukutani. Sikumuuliza. Niliyaweka moyoni, nikayaongezea mengine niliyoyaona: alinipakulia chakula kisha akaenda kula kule kwenye cherehani yake, nikimsogelea kumwambia neno, anageuza uso kidogo, kama mtu aliyepitiwa na moshi. Kanisani alimketisha binti yetu katikati yetu.

Tulikuwa tunaishi Ruiru, na kazi yangu ilikuwa Thika, kwenye kiwanda cha nguo. Mtu akisimama karibu na mashine zinazovuma kutwa nzima, hana wa kuongea naye, akili hujitungia mambo. Yangu ilinitungia mwanamume.

Damu nilikuwa naiona. Mswaki ulitoka mwekundu kila asubuhi, nikasema ni kwa sababu ni mgumu. Meno ya chini yalianza kuonekana marefu, na moja lilicheza nikiligusa kwa ulimi. Niliacha mahindi ya kuchoma nikidai yamenichosha. Kazini, mwenzangu mmoja alikuwa ananipa peremende kila tukikutana. Nilidhani ni ukarimu wake tu.

Halafu ikafika Jumapili moja tulipoalikwa chakula cha mchana Murera, kwa kaka mkubwa wa mke wangu. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na huyo namwita mulamwa, yaani shemeji. Alikuwepo yeye na mkewe, na dada mdogo wa mke wangu. Tulikula ugali na kuku vizuri. Vyombo vilipoondolewa, nikasema, bila hata kuinua sauti, "Mulamwa, dada yako ana mtu."

Yule dada mdogo ndiye aliyesema, "Shemeji, unaongea nini?"

"Ushahidi uko wapi?" akauliza mulamwa.

"Mwanamke anampa mumewe mgongo mwaka mzima. Unataka ushahidi gani mwingine?"

Mke wangu alisimama, akanishika mkono wa shati, akanitoa nje mpaka kwenye migomba, mahali ambapo waliobaki ndani wasingetusikia. Hapo ndipo aliponiambia.

"Ni mdomo wako. Unanuka, baba. Sio harufu ile ya asubuhi ya kila mtu. Ni kama kitu kimeoza ndani. Nimeshindwa kukuambia, nikaogopa utaumia."

Nilifunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilifunga. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya nduguze, na yeye hata saa ile alinitoa nje ili anisitiri.

Tuliporudi ndani wote walikuwa wananitazama. Ilikuwa rahisi sana kusema: nimekosea, huyu mama hana kosa. Nilichosema ni, "Tumeelewana." Basi. Nikaomba kofia yangu, tukaondoka. Kwa neno lile moja nilimwacha akiwa na mtu machoni pa kaka yake.

Wiki hiyo tulikwenda kwa daktari wa meno pale Thika. Alikuwa mama wa makamo, Mkikuyu, mwenye sauti ya mwalimu. Alipima fizi zangu kwa kichuma chembamba chenye alama, akikizamisha jino baada ya jino, na msaidizi wake akiandika. "Ngai, Mungu wangu," alisema polepole alipofika nyuma. Kisha akaniuliza, "Nani aligundua kwanza kuna shida?"

"Mimi mwenyewe," nikasema.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Alitazama mkoba wake.

Daktari alieleza kwamba ukoga ulikuwa umejipenyeza chini ya fizi, ukatengeneza mifuko ya usaha, na mfupa unaoshika meno umeanza kuliwa. Alinisafisha kwanza, akanifundisha kupiga mswaki kama mtoto wa chekechea, kisha akanipa muda. Niliporudi, harufu ilikuwa imepungua, lakini mifuko mitatu ya upande wa kulia haikuwa imefunga. Hiyo, akasema, lazima aifungue kwa upasuaji.

"Nikishakwangua mizizi, nitaweka jeli kabla ya kushona," alisema, akatuonyesha bomba dogo la sindano lenye kitu kama ute wa yai. "Inaitwa asidi ya hayaluroniki. Jina lisiwatishe, haichomi. Mwili wenyewe huitengeneza, iko kwenye ngozi na kwenye maungio. Inasaidia kidonda kupona vizuri."

"Si ndiyo ile huandikwa kwenye mafuta ya uso?" mke wangu akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama. Lakini hii imetengenezewa ndani ya mdomo. Na siwadanganyi: mfupa ulioliwa umeenda. Hii ni msaada, sio muujiza. Kazi kubwa ni ya mswaki."

Siku ya upasuaji ganzi ilifanya shavu langu kuwa kama la mtu mwingine. Sikuhisi maumivu, nilihisi kuvutwa. Nilisikia chuma kikikwangua mzizi, sauti iliyopita kwenye fuvu badala ya masikio, kama sufuria iliyoungua ikiparuzwa. Kisha ubaridi wa jeli sikuuhisi kabisa, niliona tu mkono wa daktari ukisukuma lile bomba taratibu. Akashona. Wakati wote huo nilikuwa nimeachama mbele ya watu wawili, taa kali ikimulika ndani ya kitu nilichokificha muda mrefu. Machozi yalinitoka kwenye pembe za macho, msaidizi akayapangusa akidhani naumia.

Niliambiwa nisiguse upande ule kwa mswaki, nisukutue kwa dawa tu. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini mke wangu alinikalisha dirishani, akamulika kwa simu. Yeye ni fundi wa nguo, alizijua nyuzi. "Mshono umekaa," alikuwa akisema. "Uvimbe umeshuka." Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyokuwa kwa mwaka mzima, nami nilizuia pumzi mpaka kifua kikauma.

Asubuhi moja, akiwa bado ananimulika, alisema, "Kaka yangu alinipigia. Aliniuliza kama nimeachana na yule mtu."

Sikuweza kujibu, mdomo ulikuwa wazi. Alipozima simu nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia sina mtu. Hakuniamini."

Nyuzi zilitolewa, na baada ya miezi daktari alipima tena. Mifuko miwili ilikuwa imefunga vizuri sana, wa tatu umebaki nusu. Lile jino lililocheza aliling'oa. Alinisifu, nikaona haya kusifiwa.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mke wangu tuende Murera. Mulamwa alitupokea kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyekukasirikia. Nilimvuta kando, nyuma ya zizi la ng'ombe, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: fizi, harufu, daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimtukana mbele ya watu," akasema. "Mimi unaniambia nyuma ya zizi?"

Akamwita mkewe. Akampigia simu yule dada mdogo, anayekaa nyumba ya pili, aje. Tukakusanyika sebuleni wote watano, wao wakaketi. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea. Nikasema, "Sikuwa na ushahidi kwa sababu hakukuwa na kitu. Mdomo wangu ndio ulikuwa unanuka. Yeye alijua, akanificha. Mimi nilijua ukweli siku ileile, nikanyamaza."

Dada mdogo alicheka kwa mshtuko, kisha akajiziba mdomo. Mulamwa hakucheka. Nikabaki nimesimama, sijui nikae au niendelee.

"Imetosha," mke wangu akasema, akiwatazama wao, sio mimi. "Mpeni kiti akae."