Kicheko cha Safu ya Tatu

Nev Pascoe hakujua kucheka kidogo. Watu wengine wana kicheko cha mezani, kicheko cha kanisani, na kile cha kumridhisha bosi. Yeye alikuwa nacho kimoja tu, na kikitoka kilitoka chote. Kwanza huvuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, halafu kimya, halafu kinapasuka, mabega yanafuata, kiti kinafuata. Kwenye mazishi ya mjomba wake walimtoa nje, na huko nje akacheka zaidi. Hata ng'ombe wa mashamba yetu walikuwa wamemzoea, maana kazi yake ilikuwa kuendesha lori la tangi, kukusanya maziwa alfajiri, na redio ya lori ikimchekesha, bonde zima linajua Nev kafika.

Sisi wa Kurrawee tulimpenda kwa hilo, tusidanganyane. Mji wetu una kiwanda cha maziwa, baa mbili, uwanja wa mpira ambao nusu ya mwaka ni matope, na Ukumbi wa Kumbukumbu ya Askari. Humo ukumbini kila majira ya baridi kikundi chetu huonyesha mchezo mmoja wa nyimbo na vichekesho. Sasa watu wa ng'ombe hawacheki ovyo. Mtu anakuja na koti lake, anakunja mikono, anamsubiri jirani acheke kwanza, na jirani naye anamsubiri yeye. Mchezo unaweza kufa hivyo mikononi mwa watu wema kabisa. Lakini Nev alikuwa anakaa safu ya tatu, pembeni ya njia, na akishapasuka yeye, watu wote wanajiona wamepewa ruhusa.

Kiti hicho alikuwa anawekewa bure kila mwaka, na karatasi yenye jina lake juu yake. Nev aliamini ni shukrani. Si ndiye aliyekuwa akibeba mapazia na makochi ya jukwaani kwa trela lake? Si ndiye aliyeziba paa lilipovuja? Akikaa pale alikuwa anajisikia mtu wa maana, na mimi simlaumu.

Mkewe, Glenys, ndiye mpiga piano wa kikundi. Aliianza kazi hiyo binti yao hajaingia shule, na binti huyo leo ana wanawe. Glenys ni mwanamke wa maneno machache. Ukimfurahisha sana anatabasamu upande mmoja, huo wa pili anauweka akiba. Mtu asiyewajua alikuwa anajiuliza hawa wawili walikutana vipi, na mtu anayewajua alikuwa haulizi.

Basi mwaka huo, kabla ya usaili wa kuchagua waigizaji, Nev alikwenda ukumbini kumchukua Glenys kwenye mkutano wa kamati. Kulikuwa na baridi, akamletea sweta. Alipofika mlango wa jikoni mwa ukumbi akamsikia Maureen Duggan, mwenyekiti wetu, ambaye sauti yake haijawahi kuwa na siri.

"Na kiti cha Nev kiko palepale?"

"Palepale," ikajibu sauti ya Glenys. "Mimi ndiye niliyewaomba mumweke pale tangu mwanzo, na msije mkamhamisha."

"Nani amhamishe? Asipokuwepo Nev watu wanakaa kama magunia. Yule ni kama kengele ya shule, mwenzangu. Unaipiga, watoto wanaingia."

Wakacheka, wanakamati wote. Nev akabaki amesimama na sweta mkononi. Kumbe si paa, si trela. Kumbe yeye ni kengele. Na aliyemtundika pale ni mkewe mwenyewe, mama wa binti yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Nev alilihisi jino lenyewe. Alirudi garini, akapiga honi, akamwendesha mkewe nyumbani bila neno. Glenys hakushangaa sana, akadhani ni mgongo.

Siku mbili tatu zikapita, neno hilo likiwa limemkaa rohoni. Kisha asubuhi moja, Glenys anapaka mkate siagi, Nev akasema, "Nakwenda kwenye usaili."

Kisu kikasimama. "Kumbebea nani nini?"

"Kuimba. Nataka nafasi ya yule muuza majeneza."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani bafuni siimbi?"

"Bafuni nafunga mlango, Nev."

Siku nyingine angelicheka mpaka chai imwagike. Safari hii hata hakutabasamu. "Sema tu unachoogopa," akamwambia. "Unaogopa kile kiti kitabaki kitupu."

Glenys akamgeukia. "Ndiyo," akasema. "Naogopa." Akaendelea kupaka siagi.

Hilo ndilo lililomkata maini. Angelikataa, angeliruka, angelisema hata uongo, Nev angelimsamehe palepale. Lakini alikiri, tena kwa upole. Hapo Nev akaapa moyoni: akikosa nafasi hiyo, basi hawamwoni tena safu ya tatu wala safu ya mwisho. Abaki nyumbani na televisheni yake, wao wanunue kengele ya kweli. Na Glenys? Hapo alikuwa hajui afanye nini na Glenys. Huwezi kuishi na mtu umri wote halafu ukamuuliza, hivi mimi kwako ni nani. Lakini ndilo swali alilokuwa akizunguka nalo mashambani kila alfajiri, huku anaukariri ule wimbo kwenye usukani.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi vizuri. Muuza majeneza ameitwa nyumba isiyo yenyewe, anampima bwana mmoja aliyelala usingizi wa mchana tu. Bwana anafumbua macho, analalamika, na mwenzake haachi kupima.

Jumapili ya usaili ukumbi ulikuwa na baridi ya kutafuna masikio. Tulikuja wengi, wengine kuimba, wengine kwa ajili ya skonzi za Maureen. Aliyeongoza mchezo mwaka huo alikuwa Linh Tran, mfamasia wetu, mwanamke kijana mwenye subira, ambaye alimjua Nev kwa vidonge vyake vya presha kuliko kwa kicheko chake. Barry Hocking, dalali wa mnada wa ng'ombe, ndiye aliyekuwa akichukua nafasi za kuchekesha miaka yote. Siku hiyo aliimba kwanza, akaimba vizuri kama kawaida yake, nasi tukapiga makofi yetu ya heshima. Kisha Linh akamwomba alale kwenye benchi awe maiti wa Nev.

"Nimelala mahali pabaya zaidi," akasema Barry, akajinyoosha.

Nev akapanda, kamba ya kupimia mkononi. Glenys alikuwa kwenye piano, mgongo kwa jukwaa, uso ukutani, kama siku zote. Akaanza kupiga. Nev akafungua mdomo, akautazama uso wa Barry aliyejifanya kalala na masharubu yale, na kicheko kikamponyoka kabla ya neno la kwanza. Sote tukacheka naye.

"Nev," akasema Linh, "muuza majeneza hacheki. Yeye yuko kazini. Wa kucheka ni sisi."

"Samahani, daktari."

"Mimi si daktari. Anza tena."

Hapo Nev akaukumbuka mlango wa jikoni na ile sweta. Akakumbuka kengele. Na mara hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kicheko hakikuwepo. Alikitafuta hakukiona. Uso ukamrefuka, nyusi zikashuka, akapiga magoti pembeni ya Barry kwa huzuni ya kweli kabisa, akaimba:

Usipumue we bwana, kamba inanikimbia,
Jeneza la futi tano, na miguu yazidia;
Ukisema u mzima, mimi sitakusikia,
Mkeo ameshalipa, na watu wameshalia.

Sauti haikuwa mbaya. Na alivyokuwa akipima, mama yangu. Alimpima Barry urefu, akampima upana, akampima pua, akaandika kiganjani, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa mbao mbovu. Ilikuwa inachekesha mpaka tumbo linauma. Nasi tulifanya nini? Tulikaa kimya. Naona aibu kusimulia. Kila mmoja alikuwa na kicheko kimembana kooni, anasubiri kianzie pale kinapoanzia siku zote, na aliyekuwa akikianzisha yuko jukwaani kapiga magoti. Maureen aliuma leso. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza.

Nev alikisikia kile kimya, akajua kwamba amekwisha. Basi ndio hivyo, akajiambia, kumbe kweli sina kingine. Lakini hakuacha, maana tangi likishaanza kujaa hulifungi katikati. Akaingia ubeti wa pili, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na sauti ikaanza kumtetemeka.

Piano ikanyamaza.

Glenys alikuwa hajawahi kusimamisha piano katikati ya wimbo, hata mwaka ule umeme ulipokatika. Akageuka kwenye kigoda chake, taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kisicho cha kawaida nyuma yake. Akamwona mumewe, mtu mzima, kapiga magoti, kamba imemzunguka Barry Hocking tumboni, uso umenuna kuliko wa mkaguzi wa kodi. Akaweka mkono mdomoni. Mkono haukutosha. Kikamtoka kicheko chembamba cha kwikwi, kama birika linaloanza kuchemka, kikapanda, kikampeleka mbele mpaka kipaji cha uso kikagonga piano. Ndipo na sisi tukapasuka. Barry naye, maiti, alianguka kutoka kwenye benchi.

Nev alisahau maneno yote yaliyobaki. Alisimama pale na kamba yake, akimtazama mkewe.

Linh akasema tunywe chai kwanza. Jikoni Nev alimkuta Glenys peke yake, anafuta macho kwa taulo ya vyombo. Akafunga mlango.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Wewe na Maureen. Mambo ya kiti."

"Ooh," akasema Glenys. Akaketi. "Ndiyo maana ulipiga honi vile."

"Kengele ya shule, Glenys."

"Hilo ni neno la Maureen, si langu." Akaikunja taulo, akaikunjua. "Nikikaa kwenye piano naona nini mbele yangu?"

"Ukuta."

"Ukuta na ule ubao wa majina ya vijana waliokufa vitani. Nimewakariri wote, mpaka wale wa kina Ferris watatu. Nyimbo zote za mapenzi nimewapigia wao. Sijawahi kuuona mchezo hata mmoja, Nev. Nasikia watu wanakimbia nyuma yangu, vitu vinaanguka, sijui ni nini. Lakini nakusikia wewe. Ukipasuka kile kikubwa, najua kuna mtu kaanguka. Ukicheka kwa pua, Barry kasahau maneno. Ukinyamaza halafu ukavuta kamasi, najua wale wapenzi wawili wamepatana. Maureen nilimwambia umekaa pale kwa faida ya ukumbi. Ningemwambia nini? Kwamba bila mume wangu sioni?"

Nev alivuta kamasi.

"Leo ulipoanza tena hukucheka," akasema Glenys. "Nikaingiwa na hofu, ikabidi nigeuke."

"Kwa nini hukusema piano igeuzwe? Miaka yote hiyo."

"Gurudumu moja limevunjika. Na watu wana shughuli zao."

Nev alimpenda wakati ule mpaka akamkasirikia. Akafungua mlango wa jikoni kwa kishindo, akatoka hadi katikati ya ukumbi, skonzi zikiwa midomoni mwetu. Linh alikuwa anamtafuta.

"Nev, nafasi ni yako kama unaitaka. Barry kasema hatapinga, mradi asipimwe pua tena."

"Naitaka," akasema Nev. "Lakini kwanza piano igeuzwe. Itazame jukwaani."

"Haigeuki hiyo," akasema Maureen. "Ina gurudumu bovu. Halafu wewe ukipanda, safu ya tatu tutamweka nani?"

"Wekeni mtu yeyote, Maureen. Mmeshakuwa watu wazima, chekeni wenyewe."

Akavua koti. Akaenda kuinamia ile pembe yenye gurudumu bovu, akaitia bega, nasi wanaume tukaona haya, tukaweka vikombe chini. Lilikuwa jizito lile dude, lina uzito wa ng'ombe na ukaidi wa ng'ombe. Likakwaruza sakafu mwendo mzima, na Maureen akafumba macho asione. Glenys alikuwa anatufuata nyuma na kigoda chake, anasema tuache, haina haja, mtaumia migongo, na hakuna aliyemsikiliza.

Tulipomaliza akaketi. Akaweka mikono kwenye vitufe, akainua uso. Hapakuwa na ukuta. Nev alikuwa ameshapanda, anahema, kamba mkononi, na Barry anatafuta namna ya kulala bila kuanguka.

"Unaniona?" Nev akauliza.

Machozi yalikuwa yamemjaa Glenys machoni, na ule upande wa pili wa tabasamu, wa akiba, ulikuwa umetoka.

"Nakuona," akasema. "Shati limechomoka nyuma. Haya, anza."