Siku Dani Alipoingia Baharini

Wiki iliyopita binti yangu alileta karatasi kutoka shuleni. Darasa lao linakwenda Pwani kutembelea hifadhi ya bahari, na mzazi anatakiwa ajaze: mtoto anajua kuogelea? Alifundishwa na nani? Nikaandika, "Mimi." Nafasi kidogo ilikuwa imebaki, nikaongeza: "Nami nilifundishwa na nyanya yangu wa Dunga, ambaye hakuwa na mpinzani." Mwalimu hakuuliza hayo, najua. Lakini sisi watu wa Kisumu hatujisifu, tunaeleza tu mambo yalivyo. Kwa hiyo kaa hapo, rafiki yangu, nikueleze.

Nyanya tulimwita dani, kwa Kijaluo. Aliuza samaki pale Dunga, ufuoni mwa ziwa, ngege na vidagaa vya omena, na nyumba yake ilinuka samaki kuanzia mlangoni hadi kwenye kurasa za Biblia. Likizo zote nilikaa kwake. Asubuhi nilianika omena juu ya nyavu kuukuu na kufukuza kuku, kisha nikapara magamba ya ngege mpaka vidole vikauma. Mchana ugali wa mtama, samaki wa kuchemsha na nyanya nyingi, na ole wako uache nyama kwenye kichwa. "Kichwa ndio samaki," dani alisema. "Hiyo ingine ni mwili tu."

Alikuwa mzaliwa wa Nyakach, na usichanani mwake wanawake wa huko walivua wenyewe. Mto ukifurika wakati wa masika, waliingia majini kwa safu, kila mmoja na kikapu chake cha mafunjo, wakiwaswaga samaki kuelekea kwa wenzao. Asiyejua kuogelea alibaki ukingoni kushika watoto. Dani hakuwahi kushika mtoto wa mtu. Nami alinifundisha hivyo hivyo, kando ya mafunjo ya Dunga, mahali alipohakikisha kwanza kwamba hakuna kiboko. Maji ya ziwa letu yana udongo, ukifungua macho chini huoni hata mkono wako. Yeye alimjua samaki kwa kumgusa na mguu, akakutajia ni nani kabla hajamtoa.

Nilipokuwa na miaka kumi, shangazi yangu aliyefanya kazi hotelini Pwani alitualika, mimi na dani, akatulipia safari ya boti kwenda hifadhini kuona samaki na kasa. Darasa zima nilikuwa nimelitangazia. Nilisema nitaogelea na samaki wa kila rangi na nitarudi na majina yao.

Sasa nifike penye aibu. Ndani ya boti kulikuwa na familia ya Nairobi: baba, mama, na msichana wa rika langu mwenye miwani mipya ya kupigia mbizi. Dani alipanda na gauni lake la maua, kitambaa kichwani, na kikapu cha ngege aliowakaanga wakakauka kabisa kabla hatujatoka Dunga. Harufu ikaenea boti nzima. Na Kiswahili chake! "Kijana, hii boti yako iko na maji ndani. Hamtoangi?" alimwambia nahodha, na nahodha na msaidizi wake wakatazamana wakitabasamu. Mimi nikasogea taratibu hadi mbele, karibu na yule msichana. Akaninong'oneza, "Yule nyanya ni wenu?"

Nikasema hapana. Hivyo tu, bila kufikiri. Petro alikuwa na jogoo wa kumshtua. Mimi nilikuwa katikati ya bahari, na hakuna aliyewika.

Tulipofika penye matumbawe, nahodha alizima injini akatueleza masharti. Usikanyage matumbawe, usiguse kitu, na mtoto haingii majini bila mtu mzima aliyekuja naye. Yule msichana akashuka na baba yake. Nahodha akanigeukia. "Na wewe binti, uko na nani?"

Nikajifanya natazama maji. Nikisema kweli, mama yake yule msichana yuko pale, naye alinisikia nikimkana dani, atajua nimedanganya. Nikiendelea kunyamaza, nitabaki botini nikitazama visogo vya wenzangu, na hilo darasa nitaliambia nini? Nilikuwa karibu kulia. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu: "Huyo iko na mimi."

Dani alikuwa amesimama. Nahodha akamtazama kuanzia kitambaa hadi viatu. "Bi mkubwa, hapa pana kina. Wazee wetu huwa twawaacha humu botini, wakaangalia kupitia kioo cha chini."

"Mimi nimezaa watoto saba kando ya maji, na hakuna siku nimezama," dani akasema. "Wewe lete hiyo kioo ya macho."

Akafunga leso kiunoni juu ya gauni. Jaketi la kuelea alilivaa kwa sababu alilazimishwa, huku akinung'unika. Kisha akaketi ukingoni mwa boti, na hapo akafanya kosa ambalo mtu wa ziwa tu ndiye angelifanya. Dani hakuwahi kuingia majini kabla ya kuyaonja. Alichota kwa kiganja, akameza, ndiyo ilikuwa hodi yake. Basi akachota bahari, akaipeleka kinywani. Nikaona uso ukikunjamana. Nahodha alikuwa akimwangalia, na dani hangempa raha hiyo ya kumwona akitema. Akameza yote. "Maji mzuri," akasema, akateleza ndani bila kurusha hata tone.

Alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, maana kiganja huteleza. Tukalaza nyuso majini. Niliona kila nilichokuwa nimeahidi: samaki wa manjano wenye mistari myeusi, wengine wa buluu wakitafuna matumbawe mpaka unasikia meno, na kasa mmoja akipita chini yetu bila haraka, kama mzee anayetoka kanisani. Lakini zaidi nilimwona dani. Baba wa Nairobi alikuwa akipiga maji kama anayeua nyoka. Dani alikuwa akienda tu, miguu ikifanya kazi ndogo sana. Nahodha aliyeshuka kutulinda akajikuta anamfuata yeye. Kifua changu kilijaa, sikudanganyi. Nilitaka kumwambia kila mtu kwamba huyo ni wetu.

Alikaa kifudifudi muda mrefu hadi nikaogopa. Alipoinua kichwa na kuvua ile miwani, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nimeuza samaki maisha yangu yote," akaniambia kwa Kijaluo, "na sijawahi kuwaona wakiwa kwao."

Tuliporudi botini alifungua kikapu akawagawia wote ngege. Walikula, hata nahodha, ambaye sasa alikuwa akimwita mama na kumuuliza amejifunzia wapi. Yule msichana, akiwa na mfupa mkononi, akauliza, "Nyanya, kwani huyu ni mjukuu wako?"

Nikaacha kutafuna. Dani alinitazama, na nikajua kwamba kule mwanzo alisikia kila neno.

"Muulize yeye," akasema, bila hasira.

"Ndiyo," nikasema. "Ni dani yangu. Mimi ni wake." Nilisema kwa sauti kubwa hadi nahodha akacheka. Dani akanichagulia kichwa kimoja cha ngege, akaniwekea mkononi. Jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Siku hizi wanawake wa Nyakach hawaingii mtoni na vikapu. Pale aliponifundisha kuogelea, magugu maji yamefunika kila mahali. Enzi zile nikishuka ufuoni, kila mama mwenye beseni la samaki alinisimamisha: wewe mtoto ni wa nani? Niliona ni usumbufu, nikawajibu huku natembea. Akina mama wale wamekwisha, mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi nilishuka Dunga. Nikapita polepole katikati ya meza zote za samaki, nikanunua ngege wawili ambao sikuwa na haja nao, nikasimama pale kidogo, jibu likiwa tayari mdomoni. Wakanifungia samaki wangu vizuri kwenye gazeti, wakaniambia karibu tena, madam. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani.